Skana Haifi, Hufiwa

Wanangu, juzi mmoja wenu alinijia na boksi kichwani. Ndani mlikuwa na skana ya mikanda ya picha, Nikon Coolscan LS-2000, aliyoipata kwenye mtumba kwa bei ya kutupa. Shikamoo yake haijakauka mdomoni, nami nikamuuliza: “Na wenzake wako wapi?” Hakunielewa. Wenzake ni kebo nene kama kidole gumba, kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta, kishikio cha mkanda na diski ya programu. Yeye alikuwa na skana na waya wa umeme, basi. Nikamwambia, mwanangu, umenunua kizuka, na eda yake huenda isiishe.

Alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa yalishanifika. Skana kama hiyo ninayo tangu siku za studio. Husoma nukta 2,700 kwa inchi, kwa hiyo negativi ndogo ya milimita 24 kwa 36 hutoa picha ya karibu nukta milioni 10. Kwa picha ya harusi ya kutundika sebuleni, hiyo inatosha na kubaki. Niliponunua kompyuta mpakato, ile ya zamani iliyojaa nusu ya meza nikamuuzia mnunua chuma chakavu. Akaipima pamoja na jiko bovu, akanilipa kwa kilo. Tumboni mwa kompyuta hiyo mlikuwa na kadi ya SCSI, ile tuliyozoea kuiita skazi, ndiyo iliyokuwa ikisemeshana na skana. Miaka sita skana yangu ilikaa chini ya kitambaa. Taa nzima, mota nzima, ila haina wa kusema naye, maana kompyuta mpya haina hata tundu la kuingiza kebo yake.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hela, geuza kifaa uangalie mgongo wake. Ukiona tundu la USB, kama kwenye Coolscan 5000, shida yako ni ndogo. Programu ya Nikon yenyewe iliishia toleo la 4.0.3, na Windows za biti 64 haikuzitengenezea draiva. Wapo wanaolidanganya faili moja dogo la maandishi ndani yake mpaka likubali. Mimi napenda njia iliyonyooka: VueScan, programu ya kulipia inayoendelea kuzihudumia skana ambazo waliozitengeneza wameshazisahau. Ukiona FireWire, kama kwenye Coolscan 9000, usiikimbilie Mac mpya, kwani mwaka 2025 Apple iliiondoa FireWire katika macOS yake. Tafuta Mac kuukuu, na ukiipata, usikubali mtu yeyote akufanyie hisani ya kui-update.

Ukiona SCSI, tulia. Vile vigeuzi vya kuifanya SCSI iwe USB vinakula pesa, na mara nyingi havitoi kitu. Tafuta kompyuta ya mezani yenye nafasi za PCI, zile za kizamani, uchomeke kadi. Kila kifaa kwenye mnyororo kina namba yake, 0 hadi 7, na kadi yenyewe kwa kawaida huishika 7, kwa hiyo skana usiipe hiyo. Mwisho wa mnyororo lazima ufungwe, kwa kizibo au kwa swichi, la sivyo itaonekana leo na kesho ipotee, nawe utamshuku jini. Kebo isichomekwe wala kuchomolewa umeme ukiwa unawaka. Mmezoea USB ninyi, mnachomeka na kuchomoa kama mnaonja chumvi. Skazi haina masihara hayo.

Kompyuta hiyo ikiwa ya Windows XP, msiiunganishe na intaneti. Microsoft iliacha kuilinda mwaka 2014. Picha zitoeni kwa flashi. Na zile draiva za bure kwenye tovuti msizozijua ziacheni huko huko. Nimeona kijana akitafuta draiva ya skana, akaleta virusi vilivyomfungia kazi za wateja za mwaka mzima.

Skana ikishakubali, kuna mtego mwingine, na huu ndio ulioniuma zaidi. Digital ICE, teknolojia iliyomo kwenye skana hizi, hufuta vumbi kwa kumulika mkanda kwa mwanga usioonekana, infraredi. Rangi za mkanda wa rangi huupitisha mwanga huo, vumbi huuzuia, na hapo mashine hujua cha kufuta. Lakini picha nyingi za nyeusi na nyeupe ni fedha halisi, nayo fedha huuzuia vilevile. Mashine ikadhani uso wa mama yangu ni uchafu, ikaanza kuusafisha. Picha ikatoka laini, nzuri kwa mbali, na macho si yake. Nilishaskani bahasha nzima ndipo nikagundua. Mikanda ya nyeusi na nyeupe, ICE zimeni, vumbi lipulizeni kwa mkono.

Nilirudia bahasha ile yote kwa sababu negativi zilikuwepo. Ningekuwa nimezichoma, kama wengi wenu mfanyavyo mkishaskani, ningebaki na mama mwenye macho ya kuazima. Hapa pwani joto na unyevu vinazila upesi. Mkisikia harufu ya siki kwenye kopo, mkanda huo umeshaanza kuoza, utengeni na uanze wenyewe kuskaniwa. Mizima iwekeni kwenye karatasi, pakavu, mbali na bati la paa.

Yule wa kizuka nimemwambia aje Jumamosi na boksi lake. Kadi ya pili ninayo, nimeifunga kwenye kitambaa cha kanga chini ya kitanda. Aanze kwa kuwasha skana, asubiri taa iache kupepesa. Kompyuta ndiyo ya mwisho.