Mbayuwayu na Majira Yake

Jumanne

Soma Yeremia 8:4–7. Je, ndege wanajua nini ambacho watu wa Mungu hawakijui?

Kila mwaka, baridi inapokaribia Ulaya na Asia, mbayuwayu huanza safari ya kuja kusini. Kuanzia Septemba na Oktoba huonekana Moshi, wakiruka chini chini juu ya mashamba na kupumzika kwenye nyaya za umeme. Ndege wa gramu 20 hivi amesafiri maelfu ya kilometa; ifikapo Machi na Aprili hurudi kaskazini kuzaa. Zamani wako wasomi wa Ulaya waliodhani kwamba hulala matopeni wakati wa baridi. Kuhusu korongo, jibu lilipatikana mwaka 1822, mmoja alipofika Ujerumani akiwa amechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika.

Je, ndege huyo ni mtiifu kuliko mtu? Hapana, kwa maana hawezi kukataa. Muumba ameiweka safari ndani ya mwili wake. Mtu amepewa kuchagua. Ndiyo sababu kurudi kwake kuna thamani, na kukataa kwake kuna hatia.

Watu wa Kilimanjaro wanajua maana ya kurudi. Kila Desemba wana wa Machame, Kibosho, Marangu na Rombo hupanda mlimani kutoka mijini. Lakini fikiria mtu ambaye hakosi Desemba hata moja, wala hakosi ibada ya Sabato, na bado hupita mbele ya nyumba ya kaka yake bila kumsalimu, kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Je, amerudi nyumbani? Miguu imerudi, moyo haujarudi.

Ndivyo ilivyokuwa Yuda. Walifika hekaluni, huku mgeni, yatima na mjane wakionewa (Yeremia 7:1–11). Walijua njia ya kwenda hekaluni, wakakosa haki. Kuijua siku ya Bwana bila kuijua hukumu yake ni kujua nusu tu.

Mbayuwayu haahirishi safari yake. Mtu ndiye husema, “Tutazungumza Desemba ijayo.” Naye huenda Desemba ijayo akakuta kaburi jipya migombani.

Tafakari: Soma Mathayo 5:23, 24. Je, yuko mtu unayepaswa kurudi kwake kabla jua la Ijumaa hii halijatua? Ni nini kinachokuzuia?