Katika Mji Mwema, Nani Afanye Kazi Chafu?

Wazee wetu walisema kwamba nyumba njema si mlango. Maana yao ilikuwa kwamba mtu asifuye nyumba kwa kuutazama mlango peke yake bado hajaijua nyumba. Yampasa aingie, apite sebuleni, afike jikoni na uani, ndipo aseme. Mwezi huu twapenda kuichukua methali hiyo na kuingia nayo katika mji mmoja ambao haukujengwa mahali po pote duniani ila katika kitabu. Mji huo unatuuliza swali ambalo kila mji wa kweli, na kila kijiji, na kila mtaa wa parokia yetu hauna budi kulijibu: kazi chafu na nzito, zile ambazo watu huzikimbia, ni nani azifanye?

Kitabu chenyewe huitwa Utopia. Kiliandikwa kwa Kilatini na Thomas More, mwanasheria wa London, kikapigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1516 katika mji wa Leuven. Baadaye More alipanda cheo hata akawa mmoja wa wakuu wa serikali ya Mfalme Henry VIII. Mwaka 1535 alikatwa kichwa kwa amri ya mfalme huyo huyo, kwa sababu hakukubali kumkiri kuwa Mkuu wa Kanisa la Uingereza. Sisi Waanglikana yafaa tulikumbuke hilo kwa unyenyekevu kila tusomapo maandishi yake.

Neno Utopia limetokana na Kiyunani, na maana yake ni mahali pasipokuwapo. Ndivyo More alivyopenda kucheza na majina. Mto wa mji mkuu anauita Anyder, yaani usio na maji. Na msafiri anayesimulia habari zote, Raphael Hythloday, jina lake la ukoo lamtaja kuwa hodari wa maneno ya upuuzi. Basi tangu mwanzo msomaji ameonywa: sikiliza sana, lakini usimeze kila kitu.

Mji mkuu huo ni Amaurot, mmoja katika miji 54 ya kisiwa hicho. Umejengwa kwenye mteremko wa kilima, nao una umbo karibu la mraba. Ukuta mrefu na mnene wenye minara umeuzunguka. Pande tatu una handaki kavu lililojaa miiba, na upande wa nne mto wenyewe ndio ngome. Daraja la mawe limewekwa mbali na bahari ili merikebu zipite mbele ya mji bila kizuizi. Njia zake zina upana wa futi 20. Nyumba ni za ghorofa tatu, zimeshikana mstari mmoja, zina paa bapa na madirisha ya vioo. Nyuma ya nyumba zote kuna bustani kubwa za mizabibu, matunda na maua, na watu wa njia moja hushindana na watu wa njia nyingine ni nani atunzaye bustani vizuri zaidi.

Milango ya Amaurot husukumwa kwa mkono tu ikafunguka, kisha hujifunga yenyewe, na ye yote aweza kuingia, kwa kuwa ndani hamna kitu cha mtu binafsi. Kila miaka 10 watu hubadilishana nyumba kwa kupiga kura, ili mtu asije akasema, hii ni yangu.

Maisha ya raia nayo yamepangwa kwa akili. Kila jamaa 30 huchagua kiongozi wao kila mwaka. Watu wote, wanaume kwa wanawake, wana ufundi mmoja, na kila mtu hukaa mashambani miaka miwili kulima. Kazi ni saa 6 tu kwa siku, saa 3 kabla ya chakula cha mchana na saa 3 baadaye. Zinatosha kwa kuwa hakuna wavivu wa kulishwa. Sokoni mkuu wa nyumba huchukua yanayomhitajia bila fedha. Tarumbeta ikilia, watu hukusanyika katika majumba makubwa kula pamoja. Lakini kabla ya wazima kupewa sehemu yao, wagonjwa wa hospitali hutengewa chakula kilicho bora. Twakiri kwamba hapo moyo hupendezwa. Ni nani asiyetaka kukaa katika mji unaowakumbuka wagonjwa kwanza?

Lakini bado tuko sebuleni. Tuendelee hata uani.

Nje ya mji, karibu na maji yapitayo, kuna mahali pa kuchinjia wanyama. Raia hachinji. Sheria yamkataza. Wanaochinja, wakaosha damu na matumbo, ni watumwa. Sababu inayotolewa ni hii: watu wa Utopia waona kwamba huruma ni tunu iliyo bora katika moyo wa binadamu, na kwamba mtu akizoea kuchinja, huruma hiyo hupungua kidogo kidogo. Basi, ili raia wasipoteze huruma yao, kisu wamempa mtumwa. Tena katika yale majumba ya kulia chakula, kazi zote nzito na za kuchukiza hufanywa na watumwa pia.

Tusimame hapa tufikiri. Ikiwa ni kweli kuchinja kwaharibu moyo, mbona hawaogopi kuuharibu moyo wa mtumwa? Na kama moyo wa mtumwa hauhesabiwi, ile huruma wanayoilinda ni huruma ya namna gani? Nyama wanakula wote. Mnyama amekufa kwa ajili yao wote. Kilichobadilika ni kwamba mmoja ameiona damu na wengine hawakuiona. Twaona kwamba hawa hawakuhifadhi huruma. Wamehifadhi macho yao tu. Huruma isiyoweza kumtazama yule aliyebeba mzigo wetu imekwisha kufa, ijapokuwa mwenyewe anajiona mpole.

Wala si kweli kwamba kisu peke yake chamfanya mtu kuwa mkatili. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambazo baba au kaka alimchinja kuku au mbuzi wakati wa sikukuu. Kwa kawaida mtu huyo hutaka kisu kiwe kikali ili mnyama asiteseke, naye hukataza watoto kufanya mzaha. Aliyemlisha mbuzi tangu mdogo ajua thamani ya uhai ule kuliko yeye aletewaye nyama ndani ya mfuko.

Ni haki kumsikiliza More pia. Katika siku zake wezi walinyongwa huko Uingereza, na kitabu hiki kinalaumu sana adhabu hiyo. Kumtia mwizi kazini badala ya kumwua kulikuwa, machoni pake, ni rehema. Tena mtoto wa mtumwa hazaliwi mtumwa huko Utopia. Wengine ni wageni maskini waliokuja kwa hiari yao kufanya kazi. Hao hutendewa karibu kama raia, ila huzidishiwa kazi kidogo, na wakitaka kuondoka hawazuiwi wala hawaondoki mikono mitupu. Hayo yote twayakubali. Lakini hata mwizi aliyehukumiwa kwa haki ana moyo uwezao kuharibika, na mji uliompa kazi ambayo wenyewe waiona ni sumu ya moyo haumrekebishi. Wamtumia tu.

Jambo la dhahabu laonyesha neno hilo hilo. Watu wa Utopia huidharau dhahabu, hata huitumia kufanyia vyombo vya kujisaidia na minyororo ya watumwa. More asimulia jinsi mabalozi wa nchi nyingine walivyoingia Amaurot wamevaa mikufu ya dhahabu, wakitazamia kusujudiwa. Watu wakawadhania kuwa watumwa, wakawasalimu watumishi wao wa chini. Twacheka, na ni haki tucheke, maana tajiri mwenye majivuno amepata alilostahili. Lakini tukiisha kucheka, tuukumbuke ule mnyororo. Uwe wa dhahabu, uwe wa chuma, unamfunga mtu. Mji umeshinda tamaa ya mali, nao haukushinda tamaa ya kuwa na mtu wa chini.

Mtu asidhani kwamba hayo ni ya vitabuni au ya Ulaya tu. Milango ya Mji Mkongwe wa Unguja, yenye nakshi na misumari ya shaba, husifiwa ulimwenguni pote. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya utajiri uliojenga majumba yale ilitoka katika biashara ya pembe, watumwa, na karafuu zilizochumwa kwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pakajengwa Kanisa Kuu la Kristo katika siku za Askofu Edward Steere. Waliojenga hapo walitaka watu wasisahau. Mlango ulikuwa mzuri. Lakini habari ya mji ilikuwa uani.

Nasi leo? Hatuna minyororo, lakini uani tunao. Taka zetu huondoka asubuhi, nasi hatuulizi zimekwenda wapi wala ni nani amezishika. Kuna watu wanaotapisha vyoo usiku kwa ndoo, bila viatu vya kufaa wala glavu, na mchana watu wale wale hawapewi mkono wa salamu. Kuna msichana wa kazi ambaye hupika chakula cha nyumba nzima, naye hula mwisho, peke yake, jikoni. Mara nyingi hatuwachukii watu hao. Tumepanga tu maisha yetu ili tusiwaone, na kutowaona huko twakuita usafi.

Huenda msomaji atajibu: kila mtu na kazi yake, hatuwezi wote kuzoa taka, kama vile hatuwezi wote kuwa waganga. Ni kweli, wala hatusemi kwamba kugawana kazi ni dhambi. Lakini tutazame kaburi. Katika vijiji vyetu vingi, mtu akifa, vijana na wazee hushika majembe wakachimba kwa zamu. Kazi hiyo ni nzito, ina vumbi na huzuni, tena hufanywa karibu na mauti yenyewe. Hata hivyo hatujasikia mtu akidharauliwa kijijini kwa sababu amechimba kaburi la jirani. Anayedharauliwa ni yule aliyejificha. Kwa nini? Kwa sababu kazi ile ni ya wote. Basi aibu haimo katika udongo, wala katika jasho, wala katika harufu. Aibu huanza siku ile tunapoamua kwamba kazi fulani ni ya watu fulani, na kwamba watu hao si kama sisi.

Na ajabu ni hii, kwamba More mwenyewe ameweka jibu la pili katika kitabu hicho hicho. Asema wako watu huko Utopia ambao, kwa ajili ya dini yao, hukataa starehe na kutafuta kazi zile ambazo wengine huzikimbia. Huwahudumia wagonjwa, hutengeneza njia, husafisha mitaro, hujenga madaraja upya, hupasua magogo na kuchimba mawe. Hawajisifu wala hawawalaumu wengine. Na kadiri wanavyojifanya watumwa, ndivyo watu wote wanavyowaheshimu. Kazi ni za namna ile ile; mmoja amefungwa mnyororo, mwingine amejitolea. Wa kwanza adharauliwa, wa pili aheshimiwa. Kitabu hakitwambii kwamba raia wa Amaurot waliona jinsi mambo hayo mawili yanavyopingana.

Hata hivyo tusikimbilie kuwasifu wanaojitolea tukadhani tumemaliza. Sifa ni rahisi, na aliyesifiwa aweza kuachiwa mzigo wake siku zote. Tumwitapo mama fulani mtakatifu kwa sababu anaosha sufuria baada ya kila karamu ya kanisa, huenda tumepata njia nzuri ya kutoosha sufuria. Heshima ya kweli ina gharama. Ni kushika upande mmoja wa mzigo inapowezekana. Na isipowezekana, ni kumlipa mfanyakazi ujira wa haki, kumpa viatu na glavu, kumwita kwa jina lake, na kumwachia njia ya kuiacha kazi hiyo akipata nyingine.

Basi tukitaka kujua kama mji ni mwema, tusiulize kwanza ukuta wake una urefu gani, wala bustani zake zina maua gani. Tuzunguke hata nyuma, kwenye maji yale yanayopokea damu na uchafu, tumtafute aliyesimama pale na kisu au na ndoo. Tumwulize maswali mawili: je, ulichagua kuwa hapa? Na jioni tarumbeta ikilia, kiti chako kiko wapi? Majibu yake ndiyo habari ya mji.

Amaurot ni mahali pasipokuwapo, wala hatuwezi kwenda huko kuubadilisha. Parokia yetu ipo. Sikukuu ijayo kutakuwa na maji ya kuteka, moshi wa kuni na masufuria yenye masizi. Tutazame ni nani ameinama juu yake, na ni nani ameketi tayari mezani akingoja kuletewa sahani.