Kuhakikisha Habari Kabla ya Kumhukumu Mtu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mito ya Morogoro hushuka kutoka milima ya Uluguru, na kadiri inavyopita mashambani na mjini ndivyo maji yake yanavyochafuka. Mwenye kutaka kuyajua maji hayo hupanda mpaka chemchemini. Na habari ni vivyo hivyo: kila kinywa ipitacho huiongezea taka.

Na katika habari zilizochafuka mno ni hizi za watu ambao maumbile yao, au nafsi zao, hazikuafikiana na yaliyozoewa kwa mume na mke. Barazani wote huitwa kwa jina moja la tusi. Lakini wanavyuoni hawakuwachanganya. Huntha, ambaye viungo vyake havikubainika, ana hukumu zake katika fikihi, katika sala na mirathi. Na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), katika sharhe yake ya Sahihi Muslim alimpambanua aliyeumbwa na tabia za kike, ambaye hana lawama wala dhambi, na yule ajifanyaye kusudi, ambaye ndiye wa kulaumiwa.

Basi ni nani wa kuulizwa? Mambo ya mwili na nafsi huulizwa tabibu, na hukumu huulizwa mwanachuoni. Wala mmoja hakai mahali pa mwenziwe. Mwaka 1988 Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, aliulizwa juu ya mwanafunzi wa Al-Azhar aliyepasuliwa akawa mwanamke. Jawabu yake iliruhusu upasuaji wa kudhihirisha umbo lililofichikana, kwa shauri la tabibu mwaminifu, ikakataza ule wa kupenda tu. Watu wa pande mbili wakaichukua, kila upande ukidai ni hoja yake. Na Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya maradhi iliyokubaliwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022, liliiondoa hali ya nafsi kutoafikiana na mwili katika mlango wa maradhi ya akili. Hiyo ni kauli ya utabibu, si fatwa. Wala asiizidishe mtu wala asiipunguze.

Na asidhani mtu ya kuwa haya ni maneno matupu. Mama wa kijiji cha mlimani akizaa mtoto asiyebainika umbo, na jirani akamwambia ni laana, huenda akamficha. Kumbe pengine ni dalili ya upungufu wa homoni uwezao kumuua mtoto katika majuma ya mwanzo, na dawa yake ipo. Hapo uwongo wa jirani umekuwa kaburi.

Kwa hiyo aletewaye habari na aulize: Nani aliyesema? Amejuaje? Maneno yake ni kamili au yamekatwa? Suratul Hujurat, aya ya 6, imeamrisha kuhakikisha, watu wasije wakadhuriwa kwa ujinga, kisha majuto yakafuata. Na asiyepata jawabu, kunyamaza ni salama ya dini yake na ya jirani yake.

Wallahu aalam.