Ghala Lisilo na Nafaka

Januari 2020, Uber ilikamilisha ununuzi wa Careem, kampuni ya Dubai, kwa dola bilioni 3.1. Bei ilijulikana, pande mbili ziliridhiana. Mbona basi moyo wangu hautulii?

Fikihi inakataza ihtikari: kuhodhi bidhaa hadi watu wataabike. Wapo mafakihi walioibana kwenye chakula tu. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliipanua hadi kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu.

Mwanzoni nilijiambia kwamba hapa hakuna kilichozuiwa. Magari ni yale yale, hata majina mawili yamebaki. Lakini dereva wa Cairo aliyechoshwa na makato ya Uber alikuwa na pa kukimbilia. Sasa akikimbilia Careem, anamkuta tajiri yule yule. Kilichofungiwa ghalani ni uwezo wake wa kuondoka.

Mamlaka ya ushindani ya Misri iliruhusu ununuzi huo kwa masharti, likiwemo la kuweka kikomo cha kupandisha nauli wahitaji wanapozidi. Muhtasibu wa zamani angeielewa kazi hiyo. Hata hivyo, kikomo cha nauli humpunguzia abiria maumivu. Dereva hakimrudishii mlango.

Ridhaa ya wawili haitoshi, ikiwa wanachouziana ni njia ya kutokea ya mtu wa tatu.