Bei Ni Mapatano, Aibu Ni Amana

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Katika miji ya pwani, kama Mombasa na Dar es Salaam, zimekuwa nyingi yadi za kuuzia motokari zilizokwisha kutumiwa Japani. Gari lashuka bandarini, laoshwa, lapakwa rangi penye mkwaruzo, kisha lasimamishwa yadini likimetameta. Ajaye kulinunua ni mwalimu aliyeweka akiba kwa miaka, au mtu aliyeuza shamba la minazi la urithi, au ndugu wawili walioshirikiana ili walifanye teksi. Mnunuzi huyo huliona gari siku ile moja tu. Mwenye yadi huenda akawa nayo karatasi ya mnada wa huko Japani, imeandikwa kilomita lilizokwenda, na alama ya kuonyesha kuwa liliwahi kugongwa likatengenezwa. Mmoja ajua, na mwenziwe hajui. Hapa ndipo lilipo swali: mwenye kujua akinyamaza, wala asiseme neno moja la uwongo, je, amekosa?

Wako wasemao kuwa hakukosa. Husema: mnunuzi ana macho na ana ulimi, mbona hakuuliza? Na yeye mwenyewe mbona hasemi ana fedha kiasi gani mfukoni? Kila mmoja na afiche lake, na mwenye akili ndiye mwenye kupata. Hoja hii haifai kutupwa kabla ya kupimwa, kwani ndani yake mna haki kidogo iliyochanganyika na batili nyingi.

Haki iliyomo ni katika jambo la bei. Jabir bin Abdillah (r.a.) alikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), na ngamia wake amechoka. Mtume akamtaka amuuzie. Katika riwaya moja alianza kwa dirhamu 1; Jabir akakataa, na bei ikapanda kidogo kidogo hata ikafika wakia 1, nayo ni dirhamu 40. Jabir akauza, akashurutisha ampande mpaka Madina. Walipofika akalipwa thamani yake, kisha akarudishiwa na ngamia wake pia. Basi kushindana bei si jambo la kuchukiza, wala si uchoyo. Na wanazuoni wa Kishafi'i wamesema kuwa mtu akinunua kipande cha kioo kwa thamani kubwa, naye amedhani mwenyewe kuwa ni johari, hana khiyari ya kukirudisha kwa sababu ya ughali tu. Kioo kilikuwa wazi mbele yake. Aliyekosa ni makisio yake.

Lakini aibu ya kitu, yaani kasoro iliyomo ndani yake, si kama bei. Bei hutoka katika nia za watu wawili, na kila mmoja ni mwenye nia yake. Hana deni la kumfunulia mwenziwe. Hali ya gari haitoki katika nia ya mtu. Breki zilizokwisha zimekwisha, na chuma kilichopinda kimepinda, watu wakipatana wasipatane. Na biashara haiwi halali ila kwa kuridhiana. Mnunuzi ameridhia gari zima alilodhani analiona. Hakuridhia hili lililogongwa likafunikwa kwa rangi. Fedha zake zimetoka, na ridhaa yake haikutoka. Hiyo ndiyo batili iliyo ndani ya ile hoja: imechukua ruhusa ya bei ikaivika kasoro.

Na dalili yake ni khabari iliyo mashuhuri, aliyoipokea Abu Huraira (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenye nafaka akasema kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka huo umaji juu watu wapate kuuona, kisha akatangaza kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Na azingatie mwenye akili: mtu yule hakuwa amesema uwongo. Alipoulizwa alijibu kweli. Kosa lake lilikuwa kuliweka kavu juu na bichi chini, akanyamaza. Basi swali limekwisha kujibiwa sokoni Madina kabla ya gari la kwanza kuundwa.

Ikiwa kunyamaza ni ghushi, basi kutenda ni zaidi. Mtume (s.a.w.) alikataza mnyama kufungwa kiwele siku kadha ili maziwa yajae na mnunuzi adanganyike, na aliyemnunua akapewa khiyari ya kumrudisha. Mwenye kuirudisha nyuma mita ya gari, likaonekana limekwenda kilomita 60,000 na kweli yake ni 160,000, amefunga kiwele. Kadhalika mwenye kuapa kuwa alilinunua kwa kadha na kadha, au mwenye kumweka mtu ajifanye anataka kununua ili mgeni apandishe bei. Haya yote ni haramu, na kiapo cha uwongo huondoa baraka ya mali.

Wengine hutaka kujikinga kwa karatasi. Humtia mnunuzi sahihi kuwa amelichukua gari kama lilivyo, wala hana dai. Jambo hili si geni. Abdallah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800, akashurutisha kuwa hana dhamana ya aibu yoyote. Mnunuzi akaona ugonjwa, wakapelekana kwa Sayyidna Uthman (r.a.). Uthman hakuishia kwenye sharti walilofunga. Alimtaka Ibn Umar aape kuwa alipouza hakuujua ugonjwa ule. Ibn Umar akaona bora asiape, akamrudisha mtumwa wake. Naye akapona, akauzwa kwa dirhamu 1,500. Kwa ajili hiyo madhehebu ya Shafi'i, katika kauli yenye nguvu, sharti kama hili halimwokoi muuzaji ila katika aibu ya ndani ya mnyama, tena asiyoijua. Mnyama hula na huku yu mgonjwa, na hali yake hugeuka. Gari si mnyama. Basi mwenye yadi asiitegemee ile sahihi. Na aitaje aibu kwa jina lake, na ionekanayo aionyeshe kwa kidole.

Wala jambo hili si la muuzaji peke yake. Wathila bin al-Asqa' (r.a.) aliona ngamia akiuzwa dirhamu 300. Mnunuzi alipokwisha kuondoka, Wathila akamfuata mbio akamwuliza: ni wa nyama au wa kupanda? Alipojibiwa kuwa ni wa kupanda, akamwambia kuwa ukwato wake una tundu, hataweza mwendo wa kufululiza. Mnunuzi akarudi, akapunguziwa dirhamu 100. Muuzaji akamlaumu Wathila kuwa amemharibia biashara. Naye akajibu kuwa aijuaye aibu hana ruhusa ila kuibainisha. Na wamsikie Wathila madalali wanaopata ujira pande mbili, na mafundi wanaopewa kitu kidogo ili waseme injini ni nzima.

Na mnunuzi naye asijione msafi. Asemaye kuwa yadi nyingine imempa bei nafuu, wala hakufika yadi nyingine, ni mwongo. Atiaye ila gari lisilo na ila ili mwenyewe avunjike moyo, ni mwongo. Na amtajie mtu bei aitakayo, hata iwe ndogo, lakini kwa ulimi wa kweli.

Sheria haikumwacha mnunuzi bila ya kinga. Maadamu hawajaachana mahali pa mkataba, kila mmoja ana khiyari ya kuvunja. Na wakishurutisha, wana khiyari mpaka siku 3. Siku hizo zatosha kumwita fundi mwaminifu. Na ikidhihiri aibu ya zamani, ana haki ya kurudisha, lakini na afanye haraka. Akiijua kisha akaendelea kuliendesha pasipo udhuru, haki yake ya kurudisha imeanguka.

Mwisho, mwenye yadi na alifikirie lile gari likiisha kutoka langoni. Hakuuza chuma tu. Ndani yake watapandishwa watoto kwenda chuoni, na mama mgonjwa kwenda hospitali, na breki zile zile alizozijua yeye peke yake ndizo zitakazowabeba. Fedha aliyoipata kwa kunyamaza ataila mezani pamoja na wanawe, na siku ya hisabu ataulizwa lile lile Uthman alilotaka kulijua: ulijua?

Mwenyezi Mungu awajaalie wafanya biashara Waislamu ukweli wa ulimi na baraka ya mali. Amin.