Suluhu ya Anayeweza Kukataa

Wanaosifu usuluhishi husema mahakama huacha mshindi na mshindwa, ilhali wazee huacha majirani. Ni kweli, na Dzaleka ukweli huo una uzito. Kambi hii ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, nchini Malawi, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe, mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Nyumba za matofali ya udongo zimebanana. Huyu akisogeza ukuta kidogo, maji ya mvua hukosa njia na kuingia kwa mwenzake, na ugomvi umeshaanza. Kesho wote wawili watapanga foleni ya maji pamoja.

Mrundi anawajua abashingantahe, wapatanishi wa kwao, Mnyarwanda anawajua abunzi wa kwake, Mkongo wa Kivu amekulia kwenye baraza la wazee. Hapa wanaelewana kwa Kiswahili. Wazee wanakwenda kuutazama ukuta wenyewe, wanapima kwa hatua, wanawasikiliza wote; mmoja anaambiwa abomoe kona, mwingine achimbe mtaro. Sidhani kama jaji angewatendea vema zaidi.

Usuluhishi wenyewe si kitu cha kambini tu. Katiba ya Malawi, katika kifungu cha 13, inaitaka serikali ihimize kumaliza tofauti kwa mazungumzo na upatanishi, na hata Mahakama Kuu hupeleka mashauri ya madai kwa msuluhishi kabla ya kuyasikiliza. Lakini mfanyabiashara wa Lilongwe anapoketi mbele ya msuluhishi, anajua kwamba wasipoelewana jaji yupo. Kwa hiyo mdaiwa wake hawezi kumlazimisha apokee chochote anachotupiwa. Mkimbizi, kwa upande wake, anatakiwa kuomba kibali hata cha kutoka kambini. Nauli hana, na Kiingereza cha mahakamani hakijui. Akikubali, tutajuaje kwamba ameridhika? Huenda amechoka tu.

Ndiyo maana naamini ridhaa ndiyo roho ya suluhu, na ridhaa haipo pale ambapo kukataa hakuwezekani. Mahakama inamlinda hata yule asiyewahi kuikanyaga, mradi mlango wake uko wazi kwake.

Jambo hili linaniuma zaidi kwa mwanamke anayepigwa na mumewe. Ukoo unakutana, mume anaonywa, mke anaombwa avumilie kwa ajili ya watoto. Amani inayotangazwa hapo imegharamiwa na mtu mmoja: yeye. Na binti aliyebakwa hana cha kupatanishwa. Kupokea mbuzi wa fidia kwa niaba yake ni kumdhulumu mara ya pili.

Siwaombi wazee wa Dzaleka waache kazi yao. Nawaomba, kabla ya kumsikiliza yeyote, wamwambie waziwazi kwamba anaweza kukataa watakachoamua, kisha, akikataa, wamsindikize hao hao kwenda kuomba kibali cha kufika mahakamani.