Je, Gredi Nzuri ni Deni?



Matokeo ya KCSE yakitoka, kuna sentensi moja inayosikika katika nyumba nyingi kabla hata chai haijapoa: "Usiharibu hiyo gredi." Tuseme binti amepata A-. Anasema anataka kusomea ualimu wa hesabu. Mjomba anapiga simu kutoka Nairobi: "Ualimu? Na hizo pointi zote? Kwani ulisoma usiku ili uje kushika chaki?" Mama ananyamaza. Baba anasema tutaongea baadaye. Na binti, ambaye jana alikuwa akibebwa juu juu na mtaa mzima, leo anajiona kama mtu aliyeiba kitu.

Nataka tukae na hilo neno "kuharibu" wiki hii, kwa sababu ndani yake kuna swali zito. Je, ukipata gredi kubwa, unadaiwa? Je, ni dhambi, au hata ni makosa tu, kuwa na pointi za udaktari na ukaenda kufanya kitu kingine? Na kama ni deni, anayedai ni nani?

Kwanza tumpe mjomba haki yake. Mjomba si adui. Huenda ndiye aliyelipa karo ya Fomu Tatu wakati ng'ombe walikuwa wameisha. Anajua kwamba mshahara mmoja mzuri unaweza kusomesha wadogo watatu na kumtoa nyanya kwenye nyumba inayovuja. Hata Maandiko yanaonekana kumuunga mkono. Katika Mathayo 25 kuna yule mtumishi aliyepewa talanta akaichimbia chini, na bwana wake hakumpigia makofi. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza kwa nia safi kabisa: huyu binti akiacha udaktari, si anazika talanta?

Ni swali la haki. Lakini kabla ya kulijibu, tuelewe hizi pointi ni nini hasa, maana tunazihukumu bila kuzijua.

Mimi nilisomea biashara, na jambo moja unalofundishwa mapema ni kwamba bei na thamani si kitu kimoja. Mvua ikinyesha jioni pale steji, nauli ya mia moja inakuwa mia mbili. Matatu ni ile ile. Kiti ni kile kile kilichochanika. Kilichoongezeka ni watu wanaotaka kupanda.

Pointi za klasta ziko hivyo hivyo. KUCCPS huangalia masomo yako manne yanayohusiana na kozi, inayapima pamoja na jumla ya alama zako, kisha unapata namba isiyozidi 48. Wengi hudhani kwamba zile pointi za mwisho za kuingia katika kila kozi zilipangwa na maprofesa waliokaa mezani wakasema: hii ina uzito wa 44, hii 30. Sivyo. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi katika kozi hiyo mwaka uliotangulia. Nafasi zikiwa chache na foleni ikiwa ndefu, namba inapanda. Foleni ikipungua, inashuka. Ndiyo maana kozi ile ile, kwa jina lile lile, inaweza kuhitaji pointi nyingi katika chuo kimoja na chache katika kingine.

Sasa ona tunachofanya. Tunaangalia urefu wa foleni, tunasema hiyo ndiyo thamani ya kazi. Halafu tunamwambia mtoto kwamba akipanga foleni fupi, amepoteza chenji yake. Lakini pointi si pesa, wapendwa. Hakuna chenji. Ukiwa na pointi 44 na ukaingia kozi ya 32, zile 12 hazijaenda popote. Ule uwezo wa kufikiri uliokupatia hiyo namba unaingia nao darasani, na utatoka nao.

Na hata hiyo gredi yenyewe, tuishike kwa unyenyekevu. Mwaka 2015, zaidi ya watahiniwa 2,600 walipata A katika KCSE. Mwaka 2016, serikali ilipokaza kamba dhidi ya wizi wa mtihani, idadi ilishuka hadi 141. Hebu niulize: watoto wa Kenya walipoteza akili ndani ya miezi 12? Hapana. Kipimo ndicho kilichobadilika. Gredi ni habari ya kweli kuhusu wewe, lakini ni habari ya wiki chache, kwa kipimo cha mwaka huo. Inakuambia ni milango gani iko wazi. Haina mamlaka ya kukuambia uingie upi.

Basi turudi kwa talanta. Yule mtumishi hakukemewa kwa sababu alifanya biashara ya bei ya chini. Alikemewa kwa sababu hakufanya chochote. Alichimba shimo. Binti anayechukua akili yake ya hesabu na kuipeleka katika shule ambayo haijawahi kuwa na mwalimu mzuri wa hesabu hajazika kitu. Ameweka mtaji mahali ambapo utazaa. Na kinyume chake pia ni kweli: mtu anaweza kuzika talanta yake ndani ya chuo cha udaktari. Udaktari hapa kwetu ni miaka sita darasani na wodini, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Mtu asiyependa wagonjwa, aliyesukumwa tu na pointi, atabeba hiyo miaka kama gunia la mawe. Na atakayelipa gharama mwishoni si mjomba. Ni mgonjwa wa saa nane usiku.

Wala tusidanganyane kwamba ile kozi "kubwa" ni bima. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na moja ya mambo makubwa yaliyobishaniwa lilikuwa madaktari wanagenzi: kupangiwa vituo na kulipwa. Hawa ndio wale waliobebwa juu juu siku ya matokeo. Simaanishi udaktari ni mbaya. Tunawahitaji na tunawaombea. Namaanisha usimpeleke mtoto huko kwa sababu ya usalama ambao hauna uhakika.

Sasa wacha niwageukie vijana, maana naona mnatabasamu. Msishangilie haraka.

Kuna kosa la upande wa pili. Mtu anasema, "Mimi nafuata moyo wangu." Au anaweka maneno ya kiroho juu yake: "Mungu amenionyesha uhandisi." Halafu ukiangalia, ana D katika fizikia. Anajaza nafasi zake zote kwa kozi ambazo hana masharti yake, anaita hiyo imani. Hiyo si imani. Katika Luka 14 Bwana Yesu alizungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ni lazima akae kwanza apige hesabu. Kupiga hesabu hakukutajwa kama upungufu wa imani. Asiyepiga hesabu ndiye aliyechekwa.

Kwa hiyo piga hesabu. Kwanza, soma masharti ya masomo, siyo pointi peke yake. Kozi inaweza kutaka gredi fulani ya hesabu au kemia, na usipokuwa nayo, pointi zako nyingi hazitakusaidia. Pili, usipange chaguo zako zote katika urefu mmoja. Weka moja iliyo juu kidogo ya uwezo wako, weka zile zinazolingana nawe, na weka moja ambayo kwa pointi za miaka iliyopita huna wasiwasi nayo, lakini iwe kozi ambayo ukiitwa utaenda kwa moyo mweupe. Tatu, kama ni kozi ya taaluma, kama uhandisi au sheria, uliza kama programu ya chuo hicho inatambuliwa na bodi ya taaluma hiyo. Ni uchungu kumaliza miaka minne au mitano ukaambiwa karatasi yako haikufungulii mlango wa kazi.

Nne, pesa. Tangu mwaka 2023 mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu ulibadilika. Kuna sehemu inayotoka serikalini kama ufadhili, sehemu ya mkopo wa HELB, na sehemu ambayo familia inatoa, na mgao hutegemea hali ya nyumba. Ule mkopo utaulipa wewe. Hilo sasa ni deni la kweli, lina jina lako na riba yake. Kwa hiyo kabla ya kuandika chuo kilicho mbali, jua kodi ya chumba ni ngapi, chakula ni ngapi, nauli ya kurudi nyumbani ni ngapi. Na hapo ndipo mzazi ana haki ya kuongea, na kijana ana wajibu wa kusikiliza. Baba akisema, "Mwanangu, hii siwezi," asionekane adui wa ndoto. Anasema ukweli, na ukweli ni sehemu ya upendo.

Lakini mzazi naye ana mpaka. Kuna wazazi wanaoenda saiba na namba ya mtihani ya mtoto, wanamjazia kozi, anakuja kujua siku ya barua. Wanafanya kwa mapenzi, najua. Hata hivyo hawakutenda haki. Haya ni maisha ambayo mwingine ndiye atakayeyaishi kila asubuhi, na wao watakuwa wameyatia sahihi bila yeye.

Mpaka hapa inaonekana rahisi: mzazi aseme ukweli, kijana achague. Lakini kuna nyumba ambazo si rahisi hivyo. Kijana anapenda muziki. Ana B+. Nyumbani ni mama peke yake, anauza mboga, na kuna wadogo wanne nyuma yake. Kozi ya uuguzi ingempa nafasi nzuri zaidi ya mshahara wa mapema. Je, tumwambie afuate moyo? Je, tumwambie afuate tumbo la wadogo zake?

Nimelifikiria hili sana, na nadhani jibu liko katika kitu ambacho sisi watu wa kanisa tunakijua vizuri: tofauti kati ya sadaka na ushuru. Pesa zinaweza kuwa zile zile, shilingi mia tano. Ukizitoa kwa hiari madhabahuni ni sadaka. Ukinyang'anywa njiani ni kutozwa. Huyo kijana anaweza kusema, "Mama, najua mzigo wako. Nitasoma uuguzi, nitawahudumia watu kwa uaminifu, na muziki wangu utakaa nami jioni." Akisema hivyo mwenyewe, baada ya kuelewa, ni sadaka nzuri, na familia inapaswa kuipokea kwa shukrani, siyo kama haki yao. Lakini mama akimwambia, "Baada ya yote niliyokufanyia, lazima," amegeuza sadaka kuwa ushuru. Na mtu anayetozwa hulipa huku moyo wake uko mbali. Tumeona watoto wa aina hiyo. Wanatuma pesa kila mwezi, lakini hawapigi simu.

Kwa hiyo, je, gredi nzuri ni deni? Nasema ni deni la aina moja tu: deni la kufanya kazi. Popote utakapoenda, unadaiwa bidii ile ile iliyokupeleka hapo, na unadaiwa shukrani kwa waliokubeba. Hudaiwi kozi fulani. Hakuna aliyekununua kwa pointi zako.

Na kama hiyo ndiyo kweli, basi inawahusu wote, siyo wa A peke yao. Digrii inataka C+. Diploma inataka C-. Kuna kozi za ufundi katika taasisi zetu za TVET ambazo zinampokea hata aliyepata E, na KUCCPS hiyo hiyo huwapangia wanafunzi nafasi huko. Anayesomea umeme, mabomba au kushona ana talanta mkononi kama mwenzake, na deni lake ni lile lile: asichimbe shimo. Tukiita mbele ya kanisa wale wa gredi kubwa peke yao kuwaombea, tunawafundisha waliobaki vitini kwamba bwana wa talanta hakuwapa kitu. Hiyo si habari njema, na si kweli. Hata yule aliyepewa moja alikuwa amepewa.

Vijana, tovuti ikifunguliwa, ingieni wenyewe. Wazazi, kaeni kando yao, msikae mbele yao.

Ya kuzungumza katika vikundi vya nyumbani wiki hii:

1. Katika nyumba yetu, tunaposema "usiharibu gredi," tunaogopa nini hasa?

2. Je, kuna mtu katika familia aliyetoa sadaka ya ndoto yake kwa ajili yetu? Tumewahi kumshukuru?

3. Ni kijana gani katika mtaa wetu ambaye hakuna aliyempigia simu siku ya matokeo? Nani atampigia kabla ya Jumapili?